Yule jamaa wa kuchomeka kadi kwenye modeli za watu, LEO KANIFIKIA MIMI

Wakuu, naandika huku natetemeka, makosa ya herufi mtanisamehe.

Simtaji. Mnamjua. Yule mwenye lenzi shingoni, hasalimii mtu, anaanza na "hapa uliziba kwa nini?" Basi huyo huyo.

Spitfire yangu, modeli ya plastiki ya ile ndege ya kivita, skeli 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ya kweli), rangi imeshakauka, stika zimekaa, iko mezani kwenye maonyesho imetulia. Watu wanasifia. Mtu mzima na heshima zake kasema hii inataka kuruka. Akaja YEYE. Akainama. Kimya. Akatoa kadi ya benki mfukoni, akaichomeka pale bawa la kushoto linapokutana na bodi. Ikaingia. AKAIACHIA.

Kadi ikasimama.

Wakuu, kadi ilisimama peke yake juu ya ndege yangu mbele za watu! Halafu anageuka, sura kavu kabisa, ananiuliza: "Namba ya siri nabonyezea wapi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Nadhani hata rubani wa plastiki alicheka.

Na ule ufa sikuuleta mimi, umetoka kiwandani. Nusu za bodi zilikuja zimepinda kama makanda yaliyoanikwa juani. Nimejaza puti, ikakauka ikanywea. Nikajaza tena, ikanywea tena. Nimepiga msasa mpaka mistari ya mabati na ribiti zote za upande ule zimeondoka. Na Spitfire mnavyoijua, pale shinani mwa bawa pana ule mkunjo laini wa bati, huwezi kuficha kitu. Lakini kwa mbali haionekani!! Nani alimwita karibu? Na kwa nini bawa la kushoto? La kulia limekaa safi, hakuligusa. Alikuja na kadi tayari yule. Alijipanga.

Ikasimama, wakuu. IKASIMAMA.

Naomba kadi zipigwe marufuku kwenye meza za maonyesho.

Chuma Chakavu: Pole sana mkuu. Ila kwa faida ya wengi, ilisimama wima au iliegemea?

Mleta uzi: WIMA.

Chuma Chakavu: Basi sina swali.

Msasa600: Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Zidisha mara 48, hiyo ni sentimita 3.6 na ushee kwenye ndege halisi. Rubani wako alikuwa anapigwa na upepo wa mbavu tangu anaondoka uwanjani.

Kibano Butu: Na fundi alikuwa anampitishia spana hapo hapo bila kufungua kioo 😂😂

Mleta uzi: Msasa600 wewe unene wa kadi umeujuaje haraka hivyo?

Msasa600: Ni kipimo cha kimataifa mkuu, kadi zote ziko hivyo.

Mleta uzi: Mtu wa kawaida hajui hicho kitu. NI WEWE?

Kibano Butu: Uzi umenoga. Nimevuta kiti.

Fundi Taratibu: Mleta uzi, bodi na mabawa ulivipachika bila gundi kwanza ukaona vinavyokaa? Ufa wa shina la bawa hauanzi na puti. Kata kijiti kwenye ile fremu inayobeba vipande, kiweke kwa ndani kikingame kati ya kuta mbili za bodi, kizisukume nje zikutane na bawa. Unakipunguza kidogo kidogo mpaka ufa unajifunga wenyewe. Au vuta tepu kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine wakati gundi inashika. Ncha zikinyanyuka, ufa wa juu unabana. Puti unabaki nayo ya kufutia tu. Ile hunywea kwa sababu kiyeyushi chake kinakwenda na hewa, kwa hiyo ufa mpana hauzibiki kwa mkupuo mmoja. Supagluu hainywei, ila ipige msasa mapema, ukiilaza inakuwa ngumu kuliko plastiki na unaanza kuchimba pembeni.

Mleta uzi: Mkuu sikuomba ushauri. Nimeleta malalamiko.

Fundi Taratibu: Sawa. Lakini ulipachika bila gundi kwanza?

Mleta uzi: Tuongelee kadi.

Bawa Moja: Mimi huyo huyo alinimulikia tochi kwenye kioo cha rubani. Nilikibandika kwa supagluu, ule mvuke wake ukaacha ukungu mweupe kwa ndani. Akaniuliza, "Anaoga?"

Chuma Chakavu: 😂😂😂 huyo mtu tumpe uongozi

Spitfire Damu: Ya kweli iliruka mara ya kwanza Machi 1936. Ya mleta uzi haijaruka na imeshapasuka.

Mleta uzi: Haijapasuka, ni UFA WA KIWANDA.

Mkia Chini: Nyie mnalilia ufa, mimi P-38 yangu, ile ya kivita ya injini mbili, imekalia mkia, pua inatazama dari. Karatasi ya maelekezo imechora kijiduara puani, "weka uzito". Kiasi gani? Kimya. Nimeshafunga kila kitu na rangi nimepiga. Hawa wachora maelekezo hawajawahi kuunga kitu maishani mwao.

Fundi Taratibu: Uzito uende mbele ya magurudumu makuu, na kadiri unavyosogea mbele ndivyo gramu chache zinavyotosha. Kwenye P-38 tumia na mapua ya injini, siyo pua ya katikati tu.

Mkia Chini: Nimesema nimeshafunga.

Kibano Butu: Weka kijiti cha plastiki angavu chini ya mkia, waambie iko matengenezoni.

Mleta uzi: Wakuu, huu uzi unahusu kadi.

Bawa Moja: Mkia Chini, toboa kwenye shimo la gurudumu la mbele, penyeza chubwi ndogo ndogo za kuvulia samaki, mwagia supagluu.

Asiyeng'aa: Samahani natoka nje ya mada. Stika zangu pembeni zinaonyesha weupe weupe wa fedha, shida nini?

Msasa600: Umebandika juu ya rangi kavu isiyong'aa, hewa imebaki chini yake. Piga vanishi ya kung'aa kwanza, kisha stika, ya kufifisha iwe ya mwisho.

Asiyeng'aa: Kwa nini hawaandiki kwenye boksi? Hawa watu ni wezi.

Mleta uzi: Msasa600 bado hujanijibu.

Chuma Chakavu: Kuna anayeweza kunieleza kwa nini kipande kikiponyoka kwenye kibano hakidondoki chini ya meza? Kinaondoka kabisa duniani. Nimepoteza antena ya tatu sasa.

Kibano Butu: Andika kuwa ni toleo lisilo na antena.

Mkia Chini: Mrejesho: nimepenyeza chubwi zote zilizokuwepo. Pua imeshuka vizuri, ndege ikakaa sawa kwa muda.

Bawa Moja: Kwa muda?

Mkia Chini: Mguu wa mbele umevunjika.