Naomba ushauri: paa la chokaa linavuja, Lamu

Habari zenu wadau. Tunajitolea kukarabati paa bapa la nyumba ya kale Lamu: boriti za mikoko, juu yake vipande vya mawe ya matumbawe, kisha zege la chokaa. Kuna aliyewahi kupiga lipu ya saruji juu. Imepasuka, maji yanaingia na hayapati pa kutokea, na ncha za boriti tatu zimeoza ndani ya ukuta.

Boriti tumeziegemeza kwa nguzo. Nyufa tuliziba kwa chokaa na mchanga, 1 kwa 3, kiraka cha muda tu, zikafunguka mvua ya kwanza.

Je, saruji itabanduliwaje bila kung'oa zege la chini? Na ncha za boriti mpya zipakwe kitu, au ziachiwe nafasi ya hewa ukutani?