Kompyuta ikizalisha ratiba kwa vizazi, mimi nitajifunza nini?

Mpanga_Ratiba: Wakuu, habari za jioni. Kazi ya kupanga ratiba ya vipindi shuleni kwetu ni yangu. Maabara ni moja, walimu wa fizikia wawili, na mmoja anafundisha shule mbili. Kijana aliyesomea kompyuta ameniambia zipo programu zinazotunga ratiba nyingi, zinatupa mbovu, zinachanganya nzuri, kizazi baada ya kizazi. Ratiba nitaipata, sawa. Lakini nitaitetea vipi mbele ya wenzangu kama sijui imetoka wapi?

Fundi_Antena: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa antena, na njia hii naipenda sana. Mwaka 2006 NASA, shirika la anga la Marekani, ilirusha setilaiti tatu ndogo za mradi wa ST5 zikiwa na antena iliyozalishwa hivyo hivyo: nyaya zimepindapinda, hakuna mhandisi ambaye angezichora kwa mkono. Kabla ya hapo njia ya setilaiti angani ilibadilishwa, antena ya kwanza ikawa haifai. Wahandisi wakaandika masharti mapya, kompyuta ikazalisha nyingine. Kusema antena nzuri ni ipi, kuijenga na kuipima, hayo yote waliyafanya watu.

Kwa hiyo usiombe ratiba moja. Omba thelathini zilizo nzuri, kila moja kwa namna yake: hii inawapunguzia walimu mapengo, ile inaweka hisabati asubuhi. Zitandaze mezani, utafute kinachojirudia. Ukikuta zote zimembana yule mwalimu wa shule mbili siku zile zile, umeshajua fundo liko wapi, na hoja ya kumpelekea mkuu wa shule unayo.

Binti_wa_Kodi: Naongezea. Miaka ya 1990 Adrian Thompson wa Chuo Kikuu cha Sussex alizalisha kwa njia hiyo hiyo sakiti (saketi ya umeme) ya kutofautisha sauti mbili kwenye chipu. Ilifanya kazi, ila baadhi ya sehemu zake hazikuunganishwa na zilizobaki, na ukizizima sakiti inaharibika! Ilitegemea tabia za kipekee za chipu ile moja, jambo ambalo hakuna aliyeliomba. Programu inatimiza ulichopima tu. Usipoandika kwamba kemia haifuati michezo, itaiweka hapo.

Mpanga_Ratiba: Marahaba Fundi, ahsante binti. Masharti ya kemia na michezo sikuwahi kuyaandika popote, yapo kichwani tu. Je, sharti lisilo la lazima naliandikaje?

Fundi_Antena: Lipe adhabu ndogo ya alama: ratiba ikilivunja, inapunguziwa alama chache tu. Mgongano wa maabara uwe na adhabu kubwa kuliko yote.