Kuhama nyumba ya kupanga kwenda kuishi kwenye boti, walioishi humo mnasemaje?

Mpangaji2
Wakuu habari zenu. Mimi na mke wangu tumechoka na kodi, kila ukizoea nyumba inapanda, sasa tumeanza kuongea kwa dhati tununue boti ya tanga ya fiberi, ya zamani kidogo, kama futi 34 hivi, tuhamie na mtoto wetu ambaye hajaanza shule. Hatutaki kuzunguka dunia, boti itafungwa gatini na mimi naenda kazini kama kawaida. Kwenye karatasi tunaokoa sana ila naogopa kuna vitu sivioni. Semeni ukweli jamani, mnapata nini na mnapoteza nini?

Nahodha wa Jioni
Mkuu kwenye hiyo hesabu umeweka kupandisha chombo? Kila baada ya mwaka mmoja au miwili boti inatolewa majini, chini inakwanguliwa, inapakwa upya ile rangi ya kuzuia viumbe wasigande, na vipande vya zinki vinakaguliwa. Zinki inawekwa ili iliwe yenyewe, shafti na propela zipone, na ukichomeka umeme wa gatini inaweza kuisha haraka sana kwa sababu waya wa ethi (ule wa ardhini) unaunganisha boti yako na za majirani, ndo maana watu wanafunga kifaa cha kutenganisha. Sasa siku hizo boti iko juu mtalala wapi?

Halafu ada ya gati mara nyingi inaenda kwa urefu wa boti, na marina (bandari ndogo za boti) nyingine hazikubali mtu kuishi humo, uliza kabla hujalipa hata senti. Bima nao waambie wazi mnaishi ndani. Boti kuukuu nayo usinunue bila mkaguzi wa kujitegemea kuiona ikiwa nje ya maji.

Mama wa Gatini
Kaka yote hayo kweli ila mimi ningeanza na unyevu. Watu watatu mnapumua, mnapika, mnaoga kwenye sehemu ndogo, mvuke wote unaenda kuganda kwenye kuta za baridi na chini ya godoro, kuvu inaanza huko msikoona. Godoro liinuliwe juu ya mbao zenye nafasi hewa ipite, na madirisha yafunguliwe hata kama mnasikia baridi.

Na gesi tafadhali, naomba mlisikie hili. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka hadi kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, na kutulia pale ikisubiri cheche. Kwenye nyumba ungefungua mlango itoke, kwenye boti haina pa kutokea. Funga kwenye mtungi kila ukimaliza kupika, weka king'ora cha gesi chini na cha kaboni monoksaidi (hewa ya sumu) karibu na mnapolala. Mtoto akitoka nje jaketi la kuokolea mwilini, hata kama boti imefungwa, na nyavu kwenye reli kuzunguka pande zote.

Mnachopata? Majirani wanaojuana, mtu akisikia kamba yako inagonga usiku anatoka kuikaza bila kuitwa. Na mtoto anajua upepo unatoka wapi kabla hajajua kusoma. Mimi nchi kavu sirudi.

Mpangaji2
Asanteni sana, ya gesi sikuwahi kuifikiria kabisa. Na tukikaa nangani badala ya gatini si tunaokoa ile ada?

Nahodha wa Jioni
Ada unaokoa ila umeme unakuwa sola na betri, na betri za asidi ukizizoesha kushuka chini ya nusu zinakufa mapema. Maji unayabeba kwa madumu. Mnyororo wa nanga unaachia angalau mara tano ya kina (kwenye kina jumlisha na kimo cha omo, yaani mbele ya boti, juu ya maji), na upepo ukigeuka usiku lazima mmoja aamke aangalie nanga kama inaburuta, halafu asubuhi kazini unaenda kwa kidau, mvua au jua. Kwa mtu mwenye mtoto mdogo na kazi ya kila siku mimi nasema gatini. Na kabla ya kununua kodini boti ya ukubwa huohuo, mkae msimu wenye hali mbaya ya hewa, sio ule mzuri.

Mama wa Gatini
Naunga mkono, na mkeo ndo achague hiyo ya kukodi.