Mjadala: Gurnah ni mwandishi wetu, au tunajipendekeza kwa sababu ya Nobeli?

Mwanzisha mada

Wakuu, tangu Abdulrazak Gurnah apewe Nobeli ya Fasihi Oktoba 2021, ligi ni ile ile: huyu ni wetu au wa Waingereza? Wanaomkataa wanasema aliondoka Zanzibar miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akafundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu, na riwaya zake zote kaandika kwa Kiingereza. La pasipoti naliacha. Riwaya haigongwi muhuri uwanja wa ndege.

La lugha ndilo nalishikia bango. Chukua Paradise ya 1994. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye siku zote alimjua kama ami yake. Kila akija kwao humwachia sarafu ya anna kumi. Anafika dukani pwani, Khalil anamfungua macho: huyo si ami yako, mwite Seyyid, yaani bwana, baba yako anadaiwa na wewe ndiye rehani. Khalil huyo huyo anamtania "kifa urongo". Msomaji wa London anaelewa kuwa ni mfu aliye hai, basi, anafungua ukurasa mwingine. Sisi tuliochunga mbuzi tunaujua mmea wenyewe: ukiugusa unafumba majani, unajifanya umekufa, ukienda zako unafunguka. Ndiye Yusuf huyo kitabu kizima! Sasa utani ule kaandikiwa nani?

Peponi, yaani Paradise kwa Kiswahili, aliyotafsiri Ida Hadjivayanis, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Hesabuni wenyewe: miaka 28, na mpaka Wasweden wanaotoa Nobeli waseme kwanza. Hapo nimlaumu Gurnah?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umemsahau Shafi Adam Shafi, mwandishi wa riwaya wa Zanzibar, makusudi. Kuli imetoka 1979, inasimulia mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa 1948, mwaka ule ule aliozaliwa Gurnah. Halafu Vuta N'kuvute. Halafu Haini, ya mahabusu baada ya Karume kuuawa 1972, na Shafi mwenyewe aliwekwa kizuizini wakati huo. Yote Kiswahili kitupu. Mama yangu aliishia darasa la saba na Kuli kaimaliza kwa siku tatu, ugali ukaungua. Huyo mmea wako yeye angeukuta kwenye kitabu gani mwaka 1994?

Mchangiaji wa pili

Nafundisha Kiswahili sekondari. Mwaka jana niliwasomea Peponi kurasa chache za mwanzo bila kuwaambia chochote. Mmoja akauliza mwandishi ni Mtanga au Mpemba. Nilipowaambia ni tafsiri kutoka Kiingereza walicheka, wakadhani nawatania. Tatizo langu ni dogo kuliko lenu: nina nakala moja, wanafunzi 46.

Mchangiaji wa tatu

Mie Mzanzibari, na nnavyoona lugha ni kisingizio. Watu hawamtaki kwa anayoyasema. Mle ndani ya Peponi misafara ya biashara inatoka pwani, na wanaoweka watoto wa watu rehani ni wenyewe Waislamu wa pwani, waungwana wa kanzu na tasbihi. Mjarumani hajatia mguu vizuri, unyama ushaanza. Tumezoea kusimulia historia ambayo mbaya wetu kaja na meli. Na huyu bwana karudi kwao 1984 baada ya miaka yote hiyo, akawahi kumuona babake muda mchache kabla hajafa. Mtu wa namna hiyo msimuulize ni wa wapi, ni utovu wa adabu.

Mwanzisha mada

Wa tatu, umenipiga penyewe. Hilo la waungwana wa pwani sikuligusa kwa sababu na mimi ni mtu wa huko, nakiri.

Wa kwanza, kuhusu Shafi nakubali, ila nusu. Hakuna aliyemzuia mchapishaji kutafsiri Paradise mwaka 1995, mama akaisoma hiyo hiyo 1996, ugali ukaungua mara ya pili. Gurnah kwa Kiingereza chake hajamnyang'anya Shafi msomaji hata mmoja.

Mwalimu, hiyo nakala yako moja uliipata duka gani, na bei gani? Mimi hapa nilipo nimezunguka maduka matatu. La mwisho nikapewa kitabu cha dua.