Ushuru wa kaboni wa Ulaya: dawa ya hewa au uzio wa soko?

Msomaji wa Njiro: Tangu tarehe 1 Januari 2026, Umoja wa Ulaya unatoza gharama ya kaboni kwa chuma, aluminiamu, saruji, mbolea, umeme na haidrojeni kutoka nje. Wanasema viwanda vyao vinalipia hewa ukaa tangu 2005, na kwamba bila ushuru huo vitahamia penye makaa ya mawe na moshi utabaki uleule. Je, tuiunge mkono hoja hiyo?

Fundi wa Unga Limited: Tuipinge. Viwanda hivyo vimekuwa vikigawiwa vibali vya bure vya kutoa hewa ukaa, ambavyo vitaondolewa kidogo kidogo hadi 2034, ilhali Afrika nzima haifikishi asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia kwa mwaka. Huku kwetu Kaskazini, Moshi wa kujivunia ni mji tu. Ndugu zetu wa mlimani Kilimanjaro wao wasihangaike, maana mibuni walishaing'oa wakapanda nyanya.

Mangi wa Kibosho: Ndugu Fundi, hayo ya vibali nakuachia. Nani aling'oa? Kihambani kwangu, yaani shamba la nyumbani, mibuni aliyoipanda baba ingali chini ya migomba na mruka, na aliyeng'oa alichoshwa na kusubiri malipo ya pili ya chama cha ushirika yasiyofika. Sasa hao Wazungu wanataka kuitoza kahawa hiyo hiyo kaboni!

Mwalimu wa Uru: Mangi, kwa heshima zote, kahawa haimo katika ushuru huo. Inayokugusa ni sheria nyingine, ya 2023, inayotaka shamba lisiwe limetokana na msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja. Kuhusu ushuru wenyewe, nchi inayotoza kaboni kwa viwanda vyake huwezesha malipo hayo kupunguzwa kule mpakani. Kwa hiyo swali letu ni kama fedha hiyo ibaki Dodoma au iende Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya.

Mangi wa Kibosho: Mwalimu, mimi nimeulizia kung'oa.

Binti wa Machame: Shikamooni. Hiyo sheria ya misitu ilishafika kwetu. Kijana alikuja na simu kuchukua kwa setilaiti alama ya mahali kilipo kihamba cha mama, ambacho hakifiki hata nusu hekta. Chini ya migomba simu ikakataa kushika setilaiti, akarudi nyuma hatua kwa hatua akiwa ameinyanyua juu, hadi akasimama katikati ya barabara, na hapo ndipo alipobonyeza. Kwa hiyo kahawa ya mama, kwa mujibu wa Ulaya, inaota barabarani.

Fundi wa Unga Limited: Basi angalau hawatasema mmekata msitu.

Msomaji wa Njiro: Niliuliza chuma, nimejibiwa kahawa. Hoja ya Mwalimu kuhusu Dodoma na Brussels haijajibiwa na mtu yeyote.

Mangi wa Kibosho: Tutaijibu, kaka. Kwanza Binti anieleze: hiyo alama iliandikwa kwa jina la nani? Kihamba chetu tumegawana ndugu wanne, mpaka ni mimea ya masale, hati hakuna, na kahawa yote hupimwa chamani kwa jina la marehemu baba.