Tupeane uzoefu: sakafu ya mbao inapokutana na vigae

Wadau, uzi wa kiungo cha mbao na vigae, hasa mlangoni. Naanza: kiungo kikae chini ya ubao wa mlango, ili mlango ukifungwa kila chumba kibaki na sakafu yake tu. Vigae vitangulie, mbao zije baadaye kwa kuwa ndizo rahisi kukata kufuata ukingo. Katikati acheni milimita 8 hadi 10. Haya, mwageni yenu.

Randa: Na nafasi hiyo msiijaze grauti, ule udongo wa saruji wa kujazia kati ya vigae! Mbao hunywa unyevu wa hewani zikatanuka kwa upana, hewa ikikauka zinasinyaa. Kigae hakisogei. Grauti ikikaa hapo kati itapasuka tu.

Alumini: Nakazia. Ukanda wa kufunika nafasi hiyo, wenye umbo la T, ndio wa kawaida. Mguu wake unazama kwenye nafasi bila kugusa mbao. Skrubu kila sentimita 20 hivi, na zishike zege la chini. Ukizipitisha kwenye mbao zinazoelea, zile zilizolala juu ya sponji bila gundi, umezifunga mahali: zikitanuka zinavimba katikati ya chumba, halafu analaumiwa muuza mbao. Kama chini kuna bomba au nyaya, achana na drili. Bandika kwa gundi, upande wa zege tu.

Mgeni: Vimo vikitofautiana je?

Kimo Sawa: Hadi milimita 3, T inavumilia. Zaidi ya hapo weka ukanda wa mteremko, maana bawa la T litaning'inia, likikanyagwa linapinda. Bora hesabu mapema: kigae milimita 9 na gundi 4 ni 13, mbao 8 na sponji 2 ni 10. Pengo 3, mnapita. Ila msinyanyue mbao kwa kuongeza sponji. Sponji nene inabonyea, na ndimi za mbao zinavunjika kwenye maungio.

Mgeni: Silikoni peke yake haitoshi?

Randa: Kwa mbao zilizogandishwa chini kwa gundi, inatosha. Zinazoelea, hapana, sakafu nzima hutembea. Kwa hizo zilizogandishwa, shindilia kwanza kamba ya sponji nene kidogo kuliko nafasi, juu yake silikoni yenye kina cha nusu ya upana: nafasi milimita 10, kina 5. Ishike kuta mbili tu. Ikishika na chini, inachanika mbao zikisinyaa. Tepu ya karatasi pande zote mbili, laini kwa kidole chenye maji ya sabuni, kisha toa tepu kabla silikoni haijaanza kukauka.

Alumini: Wanaokata ukanda: pimeni kati ya fremu pale pale sakafuni, maana fremu nyingi hazijanyooka. Punguzeni milimita 1, msumeno wa chuma wenye meno madogo, halafu lainisheni ncha kwa tupa, kile chuma cha kusugulia.