Super Bowl ya 13-3: mechi mbovu, au hatujui kuangalia ulinzi?

Mtoa mada:
Wakuu, kila msimu wa Super Bowl, fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani (NFL), ukikaribia lazima mtu ataitaja ile ya Februari 2019 kule Atlanta, Patriots 13 Rams 3, kwamba ndo fainali mbovu kuliko zote. Mi nakataa. Ndiyo, pointi 16 jumla ni chache kuliko Super Bowl yoyote, rekodi ya nyuma ilikuwa 21, Dolphins 14 Washington 7, Januari 1973. Na robo tatu ziliisha 3-3 bila tachidauni hata moja (yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani). Lakini jamani Rams walikuwa nani mwaka ule? Timu ya karibu pointi 33 kwa mechi, Novemba tu hapo walikuwa wamewapiga Chiefs 54-51! Halafu wanakutana na Belichick, kocha wa Patriots, mara nane za kwanza walizoshika mpira zote nane wakaishia kuupiga mbali na kuwaachia wapinzani. Kocha wao McVay alizoea kuongea na kwotabeki (mtupaji mpira) wake Goff kwenye helmeti amsaidie kusoma mabeki wamekaaje, na ile redio hukatwa zikibaki sekunde 15 kuanzisha mpira, sasa Patriots walikuwa wanaingia na mipango miwili ya ulinzi, wanaonyesha mmoja, redio ikikatwa tu wanahamia wa pili. Hiyo ndo raha yenyewe.

Mchangiaji:
Mkuu unawapamba bure. Robo ya tatu Brandin Cooks, mpokeaji wa Rams, alikuwa peke yake kabisa eneo la tachidauni, Goff akachelewa kutupa. Gurley, mkimbiaji wa Rams, naye kapewa mpira mara 10 akapata yadi 35, huyo ni mtu tuliyemtegemea. Rams walijimaliza wenyewe. Huku kwetu mechi inaanza saa nane na nusu usiku, tunakesha tuone tachidauni, sio mipira ya kurudishiana.

Mchangiaji mwingine:
Hasira zangu ziko kwa ligi. Toka 1978 beki akizidi yadi 5 haruhusiwi kumsukuma mpokeaji (anayekimbilia kudaka pasi), na sheria nyingi zilizofuata zimembeba mshambuliaji, yaani beki anacheza kafungwa mkono mmoja, siku akishinda hivyo hivyo mnasema amewaboa.

Mtoa mada:
Umesema kweli kabisa ndugu. Na wewe wa Cooks, mbona humtaji Jason McCourty, beki wa Patriots? Jamaa katoka mbali huko mbio akafika akaupangua ule mpira, Goff alichelewa sawa ila kwa beki mwingine ile ilikuwa tachidauni. Mnahesabu kosa la mshambuliaji, kazi ya beki hamuioni, ndo ninachopinga hapa.

Hata tuzo ya mchezaji bora kapewa Edelman, mpokeaji wa Patriots, kadaka pasi 10 za yadi 141, mchezaji mzuri simdharau, ila ubao ulikuwa unasoma 10-3, zimebaki dakika kama 4, Rams wako mlangoni, mabeki wamemjia Goff kwa wingi katupa haraka haraka na Stephon Gilmore, beki wa Patriots, kaudaka yadi 4 tu kutoka mstari wao. Pale Rams wangesawazisha. Anayeona Edelman alistahili kuliko Gilmore aje na hoja, ila asiniletee hesabu ya yadi.